UMEME WA ATOMIKI NA MFUKO WA MWANACHAMA

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa halmashauri za vyama vya msingi



Katika jimbo la Georgia, kusini-mashariki ya Marekani, viko vyama 38 vya ushirika vya umeme ambavyo, kwa njia ya chama chao kikuu, vinamiliki asilimia 30 ya vinu viwili vipya vya nguvu za atomiki. Chama hicho kikuu kinaitwa Oglethorpe Power, nacho kiliundwa mwaka 1974. Vinu vyenyewe viko Vogtle, karibu na mji mdogo wa Waynesboro, kando ya mto Savannah. Kazi ilipoidhinishwa mwaka 2009, gharama zote zilikisiwa kuwa takriban dola bilioni 14, na umeme ulitazamiwa kupatikana mwaka 2016 na 2017. Umeme ulipatikana kweli. Lakini kinu cha kwanza kati ya hivyo viwili kilianza kazi ya biashara tarehe 31 Julai 2023, na cha pili tarehe 29 Aprili 2024, wakati ambapo gharama zilikuwa zimekwisha kupita dola bilioni 30.

Habari ya Vogtle husimuliwa mara nyingi na wahandisi na wanasiasa. Ni nadra kusimuliwa kwa upande wa vyama vya ushirika, ingawa huko ndiko liliko funzo kubwa kwa mtu anayeshika daftari la chama. Wenzao katika shughuli hiyo walikuwa kampuni ya Georgia Power yenye asilimia 45.7, shirika la umeme la miji liitwalo MEAG lenye asilimia 22.7, na mji wa Dalton wenye asilimia 1.6. Kampuni ina wenye hisa nyuma yake. Mji una walipa kodi. Chama cha ushirika kina nani? Kina wanachama tu, na wanachama hao ndio hao hao wanunuzi wa umeme. Hasara ikiingia hapo haina mlango wa pili wa kutokea.

Kwanza yafaa kusema kwa nini watu wenye akili zao waliingia katika kazi nzito namna hii. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikizidi angani huizuia joto la dunia lisitoke. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya hali ya hewa, katika taarifa yake ya mwaka 2014, lilipima kila aina ya umeme tangu kuchimbwa kwa madini hadi kuvunjwa kwa mtambo. Kwa makadirio ya katikati, yuniti moja ya umeme wa makaa hutoa gramu 820 za hewa hiyo, na yuniti ya gesi gramu 490. Yuniti ya atomiki hutoa gramu 12, karibu sawa na ya upepo. Katika kinu cha atomiki hakuna kinachoungua. Chembe za madini ya urani hupasuliwa, joto hutoka, maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha mashine.

Sasa tazameni vinu hivyo viwili vya Vogtle. Kila kimoja kina nguvu ya megawati 1,100 na kidogo zaidi. Vikifanya kazi kwa asilimia 90 ya saa za mwaka, kama ilivyo desturi ya vinu vya Marekani, huzalisha pamoja takriban yuniti bilioni 17 kwa mwaka. Kama yuniti hizo zingetoka katika makaa, anga lingepokea takriban tani milioni 14 za hewa ya ukaa zaidi kila mwaka. Kama zingetoka katika gesi, takriban tani milioni 8. Hesabu hiyo mtu yeyote aweza kuifanya kwa penseli. Wala si jambo la kitabuni tu: kituo cha makaa cha Wansley, ambacho Oglethorpe ilikuwa na fungu la asilimia 30 ndani yake, kilifungwa mwaka 2022.

Jua na upepo nao hutoa umeme usio na moshi, tena kwa bei iliyoshuka sana katika miaka ya karibuni. Mwenye haki hawezi kulikana hilo. Lakini jua huzama, na upepo hutulia, na hospitali na viwanda havizami wala kutulia. Kwa sababu hiyo, katika mkutano wa Dubai wa Desemba 2023, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kufanya kazi ili nguvu za atomiki duniani ziongezeke mara tatu ifikapo mwaka 2050. Ahadi ni nyepesi. Fungu la atomiki katika umeme wa dunia, lililokuwa kama asilimia 17 katikati ya miaka ya 1990, limeshuka hadi kama asilimia 9, na kilicholishusha si hofu peke yake, ingawa ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zilitia hofu ya haki. Kilicholishusha zaidi katika nchi za Magharibi ni fedha.

Hapa hapana budi kueleza tabia ya fedha hizo. Kituo cha gesi hujengwa kwa bei nafuu, kisha gesi hununuliwa siku zote za maisha yake. Kinu cha atomiki ni kinyume: mafuta yake ni sehemu ndogo ya gharama, lakini kukijenga ni mzigo wa kuvunja mgongo. Ni tofauti ya mkulima anayekodi trekta kila msimu na mkulima anayekopa kununua trekta lake. Wa pili atafaidi miaka mingi, almradi trekta lifike. Likichelewa bandarini miaka saba, riba haichelewi pamoja nalo.

Chukueni mfano wa chama kilichokopa shilingi milioni 100 kujenga ghala, kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, na riba isiyolipwa ikiongezwa juu ya mkopo. Ghala likimalizika baada ya miaka 7, deni limekuwa kama shilingi milioni 161. Likimalizika baada ya miaka 14, deni ni kama shilingi milioni 258, hata kama saruji na mabati havikupanda bei senti moja. Kwa kweli mikopo ya vinu huchukuliwa kidogo kidogo kwa kadiri kazi inavyokwenda, na kwa hiyo ukali wake si kamili kama wa mfano huu. Ila njia ni ile ile. Katika ujenzi wa atomiki mwizi mkubwa ni kalenda.

Mtu akiuliza fedha za kinu zitatoka wapi, mara nyingi hujibiwa kwa jina la benki au la serikali, naye huridhika. Swali lililobora ni lile linalofuata: kazi ikichelewa, nani atalipa ziada? Georgia ilijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti chini ya paa moja.

Georgia Power ilijibiwa na bunge la jimbo. Sheria ya mwaka 2009 iliiruhusu kutoza wateja wake gharama za mikopo ya ujenzi kabla kinu hakijatoa hata yuniti moja, na tangu mwaka 2011 tozo hiyo ikawa katika ankara za kila mwezi. Watetezi wake walisema kwamba riba ikilipwa mapema haizai riba nyingine, na katika hesabu hilo ni kweli. Wapinzani walisema kwamba mzee aliyelipa mwaka 2011 akafariki mwaka 2020 alinunua umeme wa watu wengine. Hilo nalo ni kweli, na hesabu haiwezi kulijibu.

Vyama vya ushirika havikuwa chini ya Tume ya Huduma za Umma kwa habari ya bei zao. Vilijibiwa na mikataba yao vyenyewe. Kila chama cha msingi kimefungwa kwa Oglethorpe na mkataba wa kununua umeme wa miongo mingi, wenye sharti la kulipa fungu lake la gharama, umeme upatikane usipatikane. Tena dhamana ni ya pamoja: chama kimoja kikishindwa kulipa, vilivyobaki huubeba mzigo wake. Kwa maneno mengine, mwanachama wa chama kidogo cha mashambani mwenye taa sita na friji moja aliweka sahihi yake, kwa mkono wa viongozi aliowachagua, chini ya deni la mabilioni.

Je, hilo lilikuwa kosa? Wanaojua historia ya vyama hivyo watasita kusema hivyo. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu katika kila 10 la Marekani lililokuwa na umeme, kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kuvuta waya hadi kwa mkulima. Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa na nyumba Warm Springs katika jimbo hilo hilo la Georgia, alisimulia mwaka 1938 mjini Barnesville jinsi ankara yake ya umeme huko ilivyokuwa kama mara nne ya ile ya nyumbani kwake New York, na jinsi jambo hilo lilivyomfungua macho. Mwaka 1935 alianzisha idara ya umeme vijijini, serikali ikakopesha vyama kwa riba ndogo, na vyama vikavuta waya vyenyewe. Watu wale hawakuwa na mdhamini mwingine zaidi ya wao kwa wao. Dhamana ya pamoja ndiyo iliyowaletea taa. Silaha ya babu ndiyo mjukuu aliyokwenda nayo Vogtle.

Tena serikali ya shirikisho ilisaidia. Kuanzia mwaka 2014 ilitoa dhamana za mikopo kwa wamiliki wa Vogtle ambazo hatimaye zilifika jumla ya dola bilioni 12, na Oglethorpe ilipata zaidi ya bilioni 4 kati ya hizo. Mkopo wenye dhamana ya serikali una riba ndogo kuliko ule wa sokoni, na kwa mkopo wa mabilioni hata robo ya asilimia ni mali. Lakini dhamana ya serikali humlinda mkopeshaji. Haiharakishi fundi, wala haimwondolei mkopaji deni. Wako viongozi wa vyama, si Marekani tu, wanaolisikia neno «dhamana ya serikali» wakadhani serikali ndiyo itakayolipa.

Mkandarasi alikuwa Westinghouse, kampuni yenye jina kubwa katika kazi hiyo, iliyokuwa mali ya Toshiba ya Japani. Mafundi wa Marekani walikuwa hawajajenga kinu kipya kwa muda wa kizazi kizima. Michoro ilikuwa haijakamilika kazi ilipoanza. Vipande vikubwa vilivyotengenezwa kiwandani Louisiana ili vije kuunganishwa tu, vilifika na kasoro vikasubiri kurekebishwa. Kila aliyewahi kujengesha ofisi ya chama kabla ramani haijaisha anajua mambo haya yanavyokwenda. Ukuta hujengwa, hubomolewa, hujengwa tena, na fundi hulipwa mara tatu. Mwaka 2015 Westinghouse ilikubali mkataba wa bei isiyobadilika, na wamiliki wakapumua. Tarehe 29 Machi 2017 Westinghouse iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Bei isiyobadilika ilikuwa nzuri kwa kadiri ya uhai wa aliyeiahidi. Bahati njema Toshiba ilikuwa imeweka dhamana yake, na mwaka huo huo ikalipa dola bilioni 3.68 kwa wamiliki wote. Fedha hizo ziliokoa mengi, ila hazikutosha kumaliza kazi.

Ng'ambo ya mto, katika jimbo la South Carolina, walikuwa na vinu viwili vya aina hiyo hiyo. Huko kazi ilisimamishwa kabisa tarehe 31 Julai 2017, baada ya kama dola bilioni 9 kutumika, bila kupatikana yuniti moja. Mmiliki mmoja alikuwa Santee Cooper, shirika la jimbo, ambalo mnunuzi wake mkubwa ni muungano wa vyama vya ushirika vya umeme. Wanachama walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 yalifikiwa mapatano ya dola milioni 520 na bei kutopandishwa kwa miaka kadhaa. Mkuu wa kampuni mwenza alihukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 2021 kwa kuficha hali halisi ya ujenzi. Mwaka 2025 Santee Cooper ilianza kutafuta mtu wa kuja kuvikamilisha vinu hivyo. Kutu hairudishwi, lakini zege bado lipo.

Basi mfano wa jirani ulikuwa mbele ya macho ya Georgia: kuacha ni kupoteza yote, kuendelea ni kumwaga fedha mahali pasipojulikana kina. Mwezi Agosti 2018 makisio yalipanda tena kwa zaidi ya dola bilioni 2. Mkataba wa wamiliki ulisema kwamba ongezeko la namna hiyo lazima lipigiwe kura, na kazi isingeendelea bila kukubaliwa na wenye asilimia 90 ya umiliki. Hapo asilimia 30 ya vyama vya ushirika, iliyoonekana ndogo siku zote, ikawa ufunguo. Oglethorpe ilisema itakubali kwa sharti: gharama ziwekewe kikomo. Georgia Power ilikataa. Siku mbili hivi shughuli nzima ya Vogtle ilining'inia katika sharti hilo.

Mwisho wa Septemba 2018 walipatana. Ziada ikizidi kiwango fulani, Georgia Power ibebe fungu kubwa kuliko asilimia zake. Na ikizidi dola bilioni 2.1, wenzake wawe na haki ya kusimamisha michango yao, na badala yake waiachie Georgia Power sehemu ndogo ya umiliki wao. Hii si lugha ya kusisimua. Hakuna aliyeimba wala kupiga ngoma siku ile. Lakini katika miaka yote ya Vogtle, huenda hakuna karatasi iliyowafaa wanachama wa ushirika kuliko ile. Mwezi Juni 2022 Oglethorpe iliitumia: ilitangaza kwamba inasimamisha fungu lake katika dola bilioni 8.1. Georgia Power ikabisha juu ya mahali pa kuanzia kuhesabu, na Oglethorpe ikafungua kesi. Oktoba mwaka huo kesi ilimalizwa kwa mapatano, Georgia Power ikakubali kulipa sehemu ya ziada, na vyama vikabaki na asilimia 30 yao kamili.

Jambo hilo lawapasa makatibu walitafakari. Haki ile haikupatikana wakati kinu kilipokuwa kimeharibika, bali ilipatikana wakati kura yao ilipohitajiwa. Baada ya kura kupigwa, barua elfu moja za malalamiko zisingeleta kifungu kama kile. Na kura yao ilikuwa na nguvu kwa sababu mkataba wa awali ulidai asilimia 90. Kama ungedai nusu ya kura na kidogo zaidi, Georgia Power ingehitaji mwenzake mmoja tu wa kushika mkono, nayo asilimia 30 ingekaa kitini ikisikiliza.

Wafini walikuwa na njia yao. Kampuni ya TVO, iliyoundwa mwaka 1969, si chama cha ushirika kwa sheria, lakini mwendo wake ungetambuliwa na mwanaushirika yeyote. Hutumia utaratibu uitwao Mankala: wenye hisa, miongoni mwao viwanda na mashirika ya umeme ya miji, hawapati gawio. Hupata umeme kwa gharama yake halisi, kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake, na hulipa gharama kwa kadiri hiyo hiyo. Kinu chao kipya cha Olkiluoto, chenye megawati 1,600, kilianza kujengwa mwaka 2005 kikitazamiwa kumalizika mwaka 2009. Kilianza kutoa umeme wa kawaida Aprili 2023. Ucheleweshaji ulizidi hata ule wa Georgia, ila mkataba ulikuwa wa bei moja kwa kazi nzima, na mkandarasi, Areva ya Ufaransa pamoja na Siemens ya Ujerumani, hakufilisika kwa namna ya kumwachia mwenye kazi mzigo. Mwaka 2018 wakandarasi walikubali kuilipa TVO Euro milioni 450 kwa ajili ya hasara ya kuchelewa. Sehemu kubwa ya ziada ilibebwa na Areva, na Areva ilipolegea magoti serikali ya Ufaransa ililazimika kuitilia mtaji. Kwa hiyo fundi wa mkate mjini Lyon amechangia umeme wa Finland bila kujua. Ziada hailipwi na hewa.

Tangu hapo makandarasi wamekuwa wagumu kuahidi bei moja, na ndiyo maana serikali zimejitokeza zaidi. Falme za Kiarabu zilijenga vinu vinne Barakah kwa mafundi wa Korea ya Kusini, vya mfano mmoja uliorudiwa. Cha kwanza kilianza kazi ya biashara mwaka 2021 na cha nne mwaka 2024, na sehemu kubwa ya mkopo ilitoka katika hazina ya Abu Dhabi. Mafuta ya petroli yamelipia umeme usio na moshi, na robo ya umeme wa nchi hiyo sasa watoka hapo. Misri imekopeshwa na Urusi dola bilioni 25 kwa ajili ya vinu vinne vya El Dabaa, na ujenzi ulianza mwaka 2022. Uingereza, baada ya kujionea taabu za Hinkley Point, ilipitisha sheria mwaka 2022 inayowachangisha watumiaji wa umeme wakati wa ujenzi, na Julai 2025 serikali yake ikaidhinisha kituo cha Sizewell C kwa makisio ya pauni bilioni 38, yenyewe ikichukua asilimia 44.9 ya umiliki. Ni njia ile ile ya Georgia Power, imevuka bahari. Benki ya Dunia nayo, ambayo mkopo wake wa mwisho kwa kazi ya namna hii ulitolewa kwa Italia mwaka 1959, ilikubali Juni 2025 kurudi katika kazi za atomiki. Kenya, yenye wakala wa serikali wa kuandaa kinu cha kwanza, itakuwa miongoni mwa nchi zitakazoitazama benki hiyo, ingawa sehemu kubwa ya umeme wake tayari hutoka katika mvuke wa ardhini, maji na upepo, na kwa hiyo moshi wa kuondoa ni mdogo kuliko wa Georgia.

Liko deni jingine ambalo haliandikwi katika makisio ya ujenzi, nalo ni la mafuta yaliyokwisha kutumika. Hayo hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka. Finland iliweka mfuko tangu mwaka 1988; mzalishaji huchangia kadiri anavyozalisha, na fedha hizo zimewezesha kuchimbwa kwa maghala ndani ya mwamba pale pale Olkiluoto. Marekani nayo ilitoza sehemu ya kumi ya senti kwa kila yuniti, mabilioni yakakusanyika, lakini mahali pa kuzika hapajapatikana, na mwaka 2014 tozo hiyo ikasimamishwa kwa amri ya mahakama. Mafuta yaliyotumika ya Vogtle yamo Vogtle. Mkaguzi yeyote angeandika jambo hilo katika ukurasa wa mwisho wa taarifa yake, chini ya madeni yasiyo na tarehe.

Na wanachama wa Georgia, wamepata nini? Wana fungu la kama megawati 660 za umeme usiotoa moshi, katika vinu vinavyoweza kufanya kazi miaka 60 au zaidi, ambavyo bei ya gesi ikiruka havishtuki. Mjukuu wa mwanachama wa leo ataupata umeme huo deni likiwa limekwisha kulipwa, na yamkini atauona kuwa rahisi. Mwanachama wa leo mwenyewe anauona kuwa ghali, wala hakosei. Oglethorpe iliweka mpango wa hiari ambapo chama kilichotaka kiliweza kulipa riba ya ujenzi mapema badala ya kuiacha ijumlishwe; vyama vilivyojinyima wakati ule sasa vina mzigo mwepesi kuliko vilivyosubiri.

Novemba 2025 wapiga kura wa Georgia waliwaondoa makamishna wawili wa Tume ya Huduma za Umma, na kupanda kwa ankara za Georgia Power kulitajwa sana katika kampeni. Mwanachama wa ushirika aliyepiga kura siku ile hakubadilisha ankara yake mwenyewe, kwa kuwa Tume haipangi bei ya chama chake. Bei yake hupangwa na bodi ya chama chake cha msingi, na bodi ya Oglethorpe hutokana na wakurugenzi na mameneja wa vyama hivyo hivyo. Kura yake iko katika mkutano mkuu wa mwaka, ule unaofanyika ukumbini kwa viti vya kukunja, ambao taarifa yake ya hesabu husomwa wakati watu wameanza kutazama mlango.